Mafuta Hayaui

Watu wa Izigo walimpenda Padri Buberwa, lakini hawakupenda kumwona akija na kile kijaluba chake cheusi. Akija na fimbo, amekuja kusalimu. Akija na kitabu, amekuja kuwauliza watoto katekisimu. Akija na kijaluba, ndani mna mafuta matakatifu ya wagonjwa, na nyumba aliyoingia nacho haikawii kutoa kilio. Kila mtu alikuwa na mfano wake wa fulani aliyepakwa asubuhi akichekacheka, na jioni watu wakashika majembe. Kwa hiyo wenye akili zao walingoja kwanza mgonjwa apoteze kauli na macho yapande juu, ndipo wamtume mtu mbio misheni, ili Padri akifika asikute mtu wa kuua.

Padri Buberwa mwenyewe alikuwa Mhaya, na bibi yake alikufa bila mpako kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo jambo hili lilimchoma. Kila Kwaresima alilipigia kelele mimbarini. "Mafuta hayaui. Ninyi mnachelewa kuniita, kisha mnanisingizia mimi." Watu waliitikia kwa vichwa, wakaenda zao na imani yao ileile. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa sikio la kijiji kizima.

Karugendo alikuwa mmoja wa walioitikia kwa vichwa. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima mwenye mibuni iliyopangwa vizuri, mtu mkali kwa watoro wa misa. Mwaka uliofuata kutawazwa kwa Malkia wa Kiingereza, aliota donda kwenye taya. Hospitali walimkata, wakamkata tena, kisha daktari akasema arudishwe nyumbani akale anachokipenda. Neno hilo lilimuuma Kokugonza, mkewe, kuliko kisu chenyewe. Alichokipenda Karugendo kilikuwa nyama ya kuchoma, na sasa hakuweza kutafuna hata ndizi iliyopondwa. Alinyweshwa uji kwa kikombe cha bati chenye picha ya Malkia, kimoja kati ya vile walivyogawiwa watu siku ya sherehe. Nusu ya uji iliingia, nusu ikamwagika kifuani.

Maneno yake nayo yalivunjika. Sauti ilitoka puani, bila midomo wala meno ya kuikata, na wageni hawakuambulia kitu. Kokugonza peke yake ndiye aliyemwelewa. Ikawa kila anayetaka kusema na Karugendo anamtazama mkewe, kama watu wanaokwenda kushtaki kwa Bwana Shauri wanavyomtazama mkalimani na kumsahau Mzungu mwenyewe. Mle ndani alikuwapo pia mama yake Karugendo, bibi kizee aliyebatizwa ukubwani akaitwa Felicitas. Alikaa karibu na jiko akichambua maharage. Alikuwa ameacha kuwajibu watu, na watu wakakubaliana kuwa ni kiziwi.

"Nipe dawa," Karugendo alimwambia mkewe siku moja alipokuwa akimbadilisha vitambaa.

"Ya maumivu imekwisha. Mwalimu Anatory atapita hospitali akienda mjini."

"Si hiyo. Ya kunimaliza."

Kokugonza alifanya ishara ya msalaba, kitambaa kichafu mkononi. "Baba Yustina, usiseme hivyo. Amri ya tano."

"Amri ya tano niliwafundisha watu kabla wewe hujabatizwa." Alipumzika, akameza kwa taabu. "Unamkumbuka Ishengoma?"

Nani angemsahau? Ishengoma seremala alijinyonga, na siku ile jeneza lilipoletwa, Karugendo ndiye aliyesimama kwenye mlango wa kanisa na kunyoosha mikono. Kengele haikulia. Mke wa Ishengoma alimzika mumewe kule rweya, kwenye majani matupu ambako hakuoti mgomba, kama mtu asiye na ukoo wala Mungu. Wakati ule Karugendo alirudi nyumbani akala vizuri.

"Mimi sitaki kuzikwa rweya," alisema. "Niitie Padri."

Kokugonza alicheka bila kukusudia. "Padri akupe sumu?"

"Padri anipake mafuta." Macho yake yalikuwa makavu na yenye akili zote. "Fikiri, mwanamke. Unawajua waliopakwa wakapona? Na mafuta hayana dhambi. Ni ya Mungu mwenyewe. Nani atasema nimejiua?"

Kokugonza aliligeuza neno hilo upande huu na upande ule asione tundu. Mumewe alikuwa akinuka akiwa hai. Usiku alikuwa akilia kama ndama, na yeye alikuwa amefika mahali pa kuziba masikio na kisha kujichukia. Kama Mungu ametengeneza njia ya kumtoa mtu katika mateso, na amempa Padri aibebe katika kijaluba, kwa nini mtu asiombe? Aliona hata amechelewa kuomba.

Felicitas alitupa maharage mabovu jikoni, akaendelea na kazi yake.

*

Alipokuwa akienda misheni alimkuta Rweyemamu, mdogo wake Karugendo, akikagua mibuni ya kaka yake. Hiyo ndiyo kazi aliyojipa tangu mgonjwa arudishwe. Karugendo na Kokugonza walijaliwa mtoto mmoja tu wa kike, Yustina, aliyeolewa Kashozi. Kwa hiyo kibanja, yaani shamba la ukoo na nyumba yake, kingekwenda kwa Rweyemamu, hilo halikuwa na ubishi. Lakini mjane huachwa akae humo na kula ndizi za mkono wake mpaka afe, maadamu hana kosa kwa ukoo. Rweyemamu hakuwa na haraka ya kibanja. Alikuwa na haraka ya kosa.

"Shemeji, wapi na kitambaa cha Jumapili?"

"Misheni. Namwita Padri."

Rweyemamu aliliachia tawi la mbuni. "Kaka amepoteza kauli?"

"Hapana."

"Anatambua watu?"

"Anatutambua sote."

"Sasa Padri wa nini?"

"Mwenyewe anamtaka."

"Nani alimsikia?"

"Mimi."

"Wewe," alisema Rweyemamu, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayemnunua mbuzi.

Padri Buberwa alikuwa barazani, mikono imejaa mafuta ya mnyororo wa baiskeli. Alipoambiwa, aliuliza maswali yaleyale ya Rweyemamu. Ana kauli? Anayo. Ana akili? Anazo zote. Lakini uso wake yeye ulikunjuka, akasahau uchafu wa mikono, akamshika Kokugonza mabega.

"Mama Yustina, unajua wananiita mara ngapi kupaka maiti? Leo nimepata nyumba moja yenye imani. Moja!"

Akamletea kiti. Akaita chai, ikaja katika kikombe chenye kisahani, kitu ambacho Kokugonza hakuwahi kupewa na mtu yeyote aliyevaa viatu. Aliinywa akitazama chini. Alikuwa na neno la kusema, lakini mbele ya furaha ile lilikataa kutoka, na chai ilikuwa na sukari nyingi.

*

Padri alipoingia na kijaluba, majirani walijaa nje kwenye migomba. Hakuna aliyekanyaga ndani. Rweyemamu alikuwa amekwisha kuonyesha vijana mikungu ya kukata kwa ajili ya matanga, na mtu mmoja alisikika akiuliza kama pombe ya ndizi iliyokuwa ikiiva kwa jirani ingewahi.

Karugendo alikuwa ameogeshwa na kuvikwa kanzu yake nyeupe. Alilala amenyooka, mikono kifuani, tayari kwa safari.

"Karugendo, ndugu yangu," alisema Padri akiinama, bila kuziba pua, na kwa hilo alistahili heshima. "Unataka kupokea mafuta matakatifu?"

Karugendo aliitikia kwa kichwa kwa nguvu, kisha akatoa yale maneno yake ya puani.

"Anasema nini?"

Alikuwa amesema: mwambie apake mengi, asibane.

"Anasema anashukuru, Padri."

Padri alimpaka macho, akampaka masikio, akampaka pua. Alipofika kwenye midomo kidole chake kilisita, kwa sababu hakikujua ilipokuwa. Akampaka pale alipokisia. Halafu mikono, halafu miguu, akisoma Kilatini chake taratibu na kwa sauti nzuri. Karugendo alifumba macho. Kokugonza alipiga magoti akimuaga kimoyomoyo, akimshukuru kwa mahari aliyolipa bila kusumbua, akimsamehe mambo mawili matatu. Alilia kwa haki kabisa. Nje wanawake wawili waliosikia kilio wakapokea.

Wakangoja. Majirani walingoja mpaka jua likawachosha, wakaondoka mmoja mmoja. Kokugonza alikesha akishika mkono wa mumewe. Kulipopambazuka, mkono ule ulikuwa wa moto kama jana yake, na Karugendo alikuwa amefumbua macho akitazama nyasi za paa.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," alijibu mkewe.

*

Si kwamba hakufa tu. Uvimbe wa shingoni ulipasuka, usaha ukatoka, na njia ya koo ikafunguka kidogo. Akaweza kumeza uji kikombe kizima, hata olubisi, juisi ya ndizi mbivu, bila kumwaga. Maumivu yalibaki palepale. Ila sasa alikuwa na nguvu ya kuyabeba, na hilo ni jambo baya kuliko watu wanavyodhani.

Padri Buberwa alilipeleka mimbarini. Alimtaja Kokugonza kwa jina, asimame watu wamwone. "Huyu mama hakungoja mumewe awe mzoga. Aliniita mapema. Na Karugendo leo anakula. Nani tena atasema mafuta yanaua?" Kokugonza alisimama. Alijua wanawake wote wa benchi lake wanautazama uso wake kuona kama unapokea sifa.

Baada ya misa akina mama wa parokia wakaja kumwona aliyeponywa. Waliimba mlangoni, wakaimba tena karibu na kitanda, na mmoja akamgusa mguu kwa heshima kisha akanusa vidole vyake.

Karugendo alikoroma kitu.

"Anasema nini?" waliuliza kwa pamoja.

Alikuwa amesema: waondoe hawa kabla sijawatapikia.

"Anawaombea baraka," alisema Kokugonza.

Walipotoka, mumewe alimgeukia. "Padri alisema nini alipokuwa ananipaka? Ile lugha yake. Wewe umekunywa chai naye, lazima amekueleza."

Ni kweli Padri alikuwa amemweleza, kwa furaha, siku ya pili yake. Kokugonza alitaka kudanganya, lakini kwa mtu huyu mmoja hakuzoea kufasiri uongo.

"Aliomba upone," alisema.

"Nipone?"

"Ndivyo yalivyo maneno yake. Yanaomba Mungu amwinue mgonjwa."

Karugendo alianza kulia. Machozi yalishuka yakaingia kwenye donda, yakamchoma, naye akazidi kulia. "Mmeniombea nipone," alisema. "Mmenifungia mlango."

*

Sasa Kokugonza alifanya kosa, na kosa hilo mtu wa mbali hawezi kulifanya. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi: mafuta yalipakwa, mafuta yakashika, na yalishika upande usiotakiwa. Kitu kilichowekwa na mwenyewe, mwenyewe hukiondoa. Akarudi misheni. Hakwenda kwenye maungamo, kwa sababu hakwenda kuungama. Alikwenda na shida, na mwenye shida hukaa barazani.

Padri alimletea kile kiti. Chai ikaitwa tena.

"Padri, nimekuja kuomba," alisema Kokugonza. "Yale mafuta. Unaweza kuyafuta?"

"Kuyafuta vipi?"

"Umwondolee. Amechoka. Tulipokuita tulidhani... nilidhani yatampumzisha. Sasa yanamzuia."

Padri Buberwa hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa, na ikawa kama mtu aliyekanyaga siafu. Aliinuka, akakaa, akainuka tena.

"Uliniita nije kumuua mumeo."

"Nilikuita uje na dawa ya Mungu."

"Uliniita nimuue! Na mimi nikakusimamisha kanisani." Ndani ya hasira yake mlikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. "Uhai si wako, mama, wala si wake. Kuomba Mungu akuchukue si dhambi. Hata watakatifu waliomba. Lakini kukitengeneza kifo, kukiletea njia, huko ni kuua."

"Mimi sikutengeneza kitu. Sikuchuma jani. Nilimwita Padri."

"Mkono wako haukufanya kitu. Moyo wako ulifanya. Hukusikia Kristo alikataa ile divai ya kumpunguzia maumivu msalabani?"

"Yeye aliteseka siku moja, Padri," alisema Kokugonza, na hapohapo akajua amesema vibaya.

Chai ilikuja. Padri alimwashiria mpishi airudishe.

"Na Karugendo alijua?"

Kokugonza aliona mlango wa kanisa, na Karugendo amenyoosha mikono, na kengele isiyolia. "Hapana," alisema. "Ni mimi peke yangu. Yeye alitaka mafuta kama Mkristo."

Padri alimtazama, hakumwamini, lakini hakuwa na shahidi. "Nitakuja kumwuliza mwenyewe. Kama alipokea sakramenti kwa nia ya kujiua, atubu, la sivyo simziki. Lakini siji mpaka umesimama kanisani Jumapili ukanushe zile sifa. Nimewadanganya watu kwa ajili yako."

"Padri, siri ya kitubio..."

"Umeungama? Umeniambia barazani, kama mtu anayeomba mbegu."

Kokugonza aliinamisha kichwa. Chumba cha maungamo kilikuwa pale, upande wa pili wa ua, na mlango wake ulikuwa wazi. Angepiga magoti mle na kusema maneno yaleyale, Padri angeyabeba mpaka kaburini. Alipoinuka, alikibeba kile kiti mwenyewe akakirudisha ndani.

Njiani alihesabu akilini mambo mawili. Akisimama kanisani, Rweyemamu atalisikia kosa kwa kinywa chake mwenyewe, na kibanja alichokipanda kwa mikono yake kitakuwa kimekwisha. Asiposimama, Padri haji, na Karugendo ataifuata njia ya Ishengoma kwenda rweya. Alimkasirikia Padri, akamkasirikia Karugendo zaidi. Yeye alimnyima mwenzake kengele, na mimi ndiye nimlipie ya kwake? Alisema hivyo kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa akipalilia akainua kichwa kuona anasema na nani.

Jumapili alisimama.

"Nilimwita Padri ili mume wangu afe," alisema. "Yeye hakujua. Ni mimi."

Padri alitegemea watu washtuke. Hawakushtuka. Ulisikika mguno mmoja mrefu wa watu walioambiwa jambo walilolijua siku zote. Upande wa wanaume, Rweyemamu aliinamisha kichwa, na waliokaa karibu naye walidhani anasali. Padri akahubiri tena kwamba mafuta hayaui, akahubiri kwa ufasaha, lakini nani wa kumsikiliza? Mke wa mtu amesema mwenyewe alikuwa anafuata nini.

*

Padri alitimiza ahadi. Alikuja bila kijaluba, akavuta kigoda hadi kitandani. Felicitas alikuwa pale pale jikoni na ungo wake.

"Karugendo, nahofia ulitaka kutumia sakramenti ili ufe. Kama ni kweli, tubu. Mkeo atanifasiria, Kanisa linaruhusu, naye atafungwa na siri kama mimi."

Karugendo alivuta pumzi. Alisema maneno mengi, mengi kuliko siku zote, akimtazama Padri usoni.

Alisema: mwambie sijutii kitu. Mwambie nimemtumikia huyo Mungu tangu ujana wangu, nikawafungia watu milango kwa ajili yake, na leo yeye ndiye wa kuniomba msamaha.

Mkono wa Felicitas ulisimama juu ya maharage.

"Anasema anajuta," alisema Kokugonza. "Anaomba msamaha wa Mungu."

"Anakubali kubeba msalaba wake mpaka Mungu mwenyewe atakapomwita?"

Karugendo alisema: mwambie tubadilishane taya siku moja.

"Anakubali."

Padri alifumba macho, akainua mkono, akamwondolea dhambi. Alipokwisha, machozi yalikuwa yakimlengalenga. Alikuwa mtu mwema, na jambo hilo halikumsaidia yeyote mle ndani. Alitoka akamwacha Kokugonza amesimama katikati ya chumba. Padri amedanganyika. Lakini Mungu anaelewa maneno ya mtu asiye na taya, hahitaji mkalimani. Je, msamaha uliopatikana kwa tafsiri mbaya unashika?

"Mwongo," alisema Karugendo kutoka kitandani. Kokugonza hakujua kama anamtukana au anamshukuru.

"Ndiyo."

"Kengele italia?"

"Italia."

Karugendo aligeukia ukutani.

Alidumu, na ule mwisho wake haufai kuelezwa. Akaacha kunywa uji. Akarudi kulia kama ndama, mpaka sauti ikaisha ukabaki mdomo wa kulia bila sauti. Alikufa siku ya gulio, wakati Kokugonza amekwenda kuchota maji. Aliporudi alimkuta ametulia, amefunikwa uso kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo mama yake alikuja nayo alipoolewa. Felicitas alikuwa ameacha jiko, amekaa kichwani pa mwanawe. Kokugonza aliuweka mtungi chini na kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa hasira: amemuuguza muda wote huo, na amekwenda bila kumngoja.

Kengele ililia, ndefu, mpaka watu wa ng'ambo ya bonde wakaisikia. Karugendo alizikwa katika makaburi ya misheni, kwa misa. Felicitas alishikwa mkono akapelekwa mbele kupokea Komunyo. Kokugonza, ambaye Padri alimnyima Komunyo tangu Jumapili ile, alibaki amepiga magoti nyuma.

*

Ukoo ulikaa uani, mkungu, yaani mkuu wa kijiji, akiwa shahidi. Felicitas aliwekwa kwenye mkeka, kwa heshima. Halikuwa shauri refu.

"Ulimwita Padri kaka akiwa na kauli?" aliuliza Rweyemamu.

"Ndiyo."

"Ulisema kanisani ulitaka afe?"

"Nilisema."

"Na amekufa."

Mzee mmoja aliuliza kama huenda marehemu mwenyewe ndiye aliyeomba. Swali lilikuwa zuri, na mzee yule aliliuliza kwa huruma. Kokugonza aliona kaburi jipya kule misheni, udongo wake bado mwekundu. Alisema, "Hapana. Hakuomba."

Mkungu alisema sheria za serikali haziwezi kumshtaki mtu kwa mafuta ya Padri, lakini ukoo una zake. Ukoo ukasema aondoke, achukue vyombo vyake. Rweyemamu akaongeza kwamba kile kikombe cha Malkia kibaki, kwa kuwa kilitolewa kwa mwenye kibanja.

Kokugonza alifunga furushi lake asubuhi iliyofuata. Felicitas alikuwa jikoni. Kokugonza alipiga magoti kumuaga kama mkwe, akimwita mama kwa Kihaya, asitegemee jibu.

"Nakwenda kwa Yustina, Mae."

Bibi kizee alimshika mkono, akamvuta karibu.

"Yule nilimfundisha kusema akiwa hana meno," alisema, kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika. "Unadhani ningeshindwa kumsikia alipokosa taya?"

 Basi kizee alisikia yote. Ombi la dawa, na ombi la Padri, na ile toba.

"Mbona hukuniambia? Mbona jana hukusema, Mae? Ungewaambia ni yeye aliyeomba."

"Wangemfukua. Wangempeleka rweya." Aliuachia mkono, akausogeza ungo. "Siku ile ya gulio, ulipokwenda maji, aliniomba mimi. Aliniomba kama alivyokuwa akiomba maziwa."

"Ukamwambia nini?"

Felicitas alitazama mikono yake, ikiwa imetulia juu ya ungo. "Wewe ulimwitia Padri," alisema. "Mimi sikumwita mtu."

Halafu akarudi kwenye maharage yake.

Kokugonza alitoka. Alipita katikati ya migomba aliyoipanda, akapita mibuni, na Rweyemamu aliyekuwa akiikagua hakumwitikia salamu. Moyoni mlikuwa na hasira iliyomfanya atembee upesi. Neno moja tu lingetosha. Neno moja kwa Padri, na angerudishiwa Komunyo, na kibanja, na jina lake. Na kengele ile iliyokwisha kulia ingegeuka kuwa uongo, na bibi kizee angetolewa jikoni kwake akafie asipopajua.

Njia ya kwenda Kashozi ilipita mbele ya misheni. Padri Buberwa alikuwa barazani peke yake. Tangu Jumapili ile hakuna nyumba nyingine iliyomwita, hata ya maiti. Alipomwona mjane na furushi kichwani, alisimama, akavuta kile kiti kwa mguu.

"Mama Yustina. Mlango wa maungamo uko wazi. Una neno?"

Kokugonza alisimama barabarani, shingo imenyooka chini ya mzigo.

"Sina, Padri," alisema, akaendelea na safari yake.